Miezi sita nyuma ya kaunta: tathmini ya uanagenzi wa baa katika hoteli ya kifahari Malindi

Huduma ninayoitathmini hapa haina bei iliyobandikwa, lakini anayeichukua huilipia. Ni nafasi ya uanagenzi wa baa katika hoteli moja ya kifahari iliyo ufuoni, upande wa Casuarina, hapa Malindi, ambako nilifanya kazi tangu mwanzo wa Julai hadi mwisho wa Desemba. Nililipa kwa miezi sita ya usiku wangu, kwa nauli ya kutoka na kurudi Ganda, kwa mashati mawili meupe, suruali nyeusi na jozi ya viatu, na kwa cheti cha afya ambacho kila anayeshika chakula au kinywaji cha watu hutakiwa kuwa nacho. Jina la hoteli sitalitaja, kwa kuwa walionifundisha bado wako pale, na sipendi maneno yangu yawafikie kwa kupitia ofisi ya meneja.

Hukumu yangu ni kwamba mafunzo ni mazuri na masharti ni mabovu, na kwamba kinachoamua utakutana na lipi zaidi ni mwezi unaoingia.

Kwa hiyo naanza na majira. Hoteli za ufuoni Malindi huishi kwa upepo. Masika yanapoingia, kati ya Aprili na Juni, kusi huvuma kwa nguvu, mto Sabaki hufurika na kumwaga udongo baharini mpaka maji ya ufuoni yakawa na rangi ya chai ya maziwa, na hoteli nyingi hufunga au hubakiza vyumba vichache huku mafundi wakiezeka upya mapaa ya makuti. Julai hufunguliwa. Agosti Waitalia humiminika, maana kwao mwezi huo karibu nchi nzima huenda likizo, na kilele chake ni tarehe 15, sikukuu wanayoiita Ferragosto. Septemba na Oktoba mji hutulia. Desemba, kaskazi inapoanza na bahari kutakata, vyumba hujaa hadi mwaka mpya upite. Mwanagenzi anayeingia Julai, kama nilivyoingia mimi, hupata wiki tatu za kufundishwa, kisha Agosti humgeuza kuwa mkono wa ziada. Katika wiki mbili za katikati ya Agosti sikuchanganya kinywaji hata kimoja; niliosha bilauri, nilibeba barafu, nikakata ndimu, nikarudi kuosha bilauri. Ndiyo maana kila anayeniuliza humwambia aombe kuanza Septemba, wakati wageni ni wachache, waalimu wana pumzi, na chupa iliyomwagika haimzulii mtu kesi.

Wiki ya kwanza sikuruhusiwa kugusa chupa. Wakati ule nilinung'unika, kwa sababu nilikuwa nimejipiga picha mawazoni nikirusha sheka, kile chombo cha bati cha kutikisia vinywaji, hewani kama wale vijana wa kwenye simu, lakini leo nakiri kwamba sehemu hiyo ya mafunzo ndiyo iliyokuwa na thamani kubwa kuliko zote. Bilauri peke yake ilichukua siku tatu. Huoshwa kwa maji moto, husuuzwa, huinuliwa juu ya mvuke, hupanguswa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha hutazamwa dhidi ya taa, kwa maana rangi ya midomo huganda kwenye ukingo hata baada ya mashine kupita. Hapa kwetu kuna adui mwingine ambaye vitabu vya bara havimtaji: hewa ya chumvi huacha utando mwembamba juu ya bilauri iliyolala usiku kucha kwenye rafu iliyo wazi, kwa hiyo zile zilizong'arishwa jana jioni hung'arishwa tena leo alasiri kabla mgeni wa kwanza hajaketi. Kazi hiyo ilianza saa tisa, na baa ilifunguliwa saa kumi na moja.

Barafu ndiyo somo nililolidharau zaidi na ambalo limenisaidia zaidi. Nilidhani barafu ni barafu. Kumbe barafu iliyokaa ndooni katika joto la Malindi hutoka jasho, na ukiitia hivyo hivyo kwenye sheka, maji yake yanaingia katika kinywaji kabla hujatikisa hata mara moja. Tulifundishwa kuichota kidogo kidogo kutoka kwenye mashine, kuimwaga maji yake kwa kichujio, na kutotumia barafu ile ile kutikisia na kunywea. Mgeni hajui kwa nini kinywaji cha baa hii kinamridhisha kuliko cha baa ya jirani. Anajua tu kwamba cha jirani kina umaji.

Aliyenifundisha haya ni mzee mmoja wa Shela, hii Shela yetu ya Malindi wala si ile ya Lamu, ambaye wafanyakazi wote humwita Ami. Amekaa nyuma ya kaunta tangu mimi sijazaliwa. Ni mtu wa swala tano, na hajawahi kuonja tone la pombe, jambo ambalo wageni huliona kama mzaha mpaka wapokee walichoagiza. Kwa kuwa haonji, hapimi kwa jicho wala kwa mazoea. Kila kitu hupita kwenye kipimo, mililita 30 au 15, mpaka mstarini. Kilichobaki hukifanya kwa pua na kwa sikio. Siku aliyonishikisha sheka kwa mara ya kwanza aliniambia nifumbe macho.

"Sikiza, mwanangu," alisema. "Mwanzo utasikia kokoto ndani ya debe. Ikianza kusikika kama mchele kwenye ungo, acha."

Nilitikisa. Sauti ya kokoto ilikaa kwa muda niliouona mrefu, kisha ikaanza kulainika, na wakati huo huo bati la sheka likaota ukungu mweupe na kuniuma vidole. Nilipofungua macho, Ami alikuwa akitazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimepita sekunde 12, na tangu siku hiyo sijahitaji saa. Alinieleza pia kanuni ambayo hoteli inafundisha kwa karatasi yenye kurasa nne na yeye anaifundisha kwa sentensi moja: kinywaji chenye maji ya matunda, asali au maziwa hutikiswa, na kile kinachopaswa kubaki angavu hukorogwa kwa kijiko kirefu bila kupigwa kelele.

Kwa Malindi, kinywaji cha kukorogwa maana yake ni Negroni. Waitalia wako hapa kwa wingi tangu miaka ya 1960, wakati serikali yao ilipoanza kurusha setilaiti kutoka majini kule Ngomeni, na wengine wana nyumba zao na wajukuu wao hapa. Wanapokuja kaunta kabla ya chakula cha jioni, hawasomi menyu. Wanataka Negroni, ambayo ni jini, Campari (pombe chungu nyekundu ya Kiitalia) na vamuthi nyekundu (mvinyo uliotiwa mitishamba) kwa vipimo vitatu sawa vya mililita 30, juu ya barafu, na kipande cha chungwa. Au wanataka Spritz ya Aperol, ambayo mvinyo wake wenye mapovu ni mililita 90, Aperol 60, na soda kidogo ya kumalizia. Ni vinywaji rahisi kueleza, na kwa sababu hiyo hiyo havina pa kuficha kosa.

Mwishoni mwa Septemba mzee mmoja wa Kiitalia, anayeishi hapa sehemu kubwa ya mwaka na anayezungumza Kiswahili cha sokoni, alinirudishia Negroni bila hasira yoyote.

"Mama," aliniambia, "hii imechoka."

Sikumwelewa mpaka nilipoitazama. Nilikuwa nimeikoroga, kisha simu ya vyumbani ikalia, nikaipokea, nikaandika oda ya watu wanne, nikarudi na kuimimina kana kwamba ilinisubiri. Barafu haikuwa imenisubiri. Niliitengeneza upya mbele yake, naye akaninong'oneza kwamba anayeanza Negroni haachi mpaka aimalize. Neno lake "imechoka" tumelichukua. Hadi naondoka, kaunta nzima ilikuwa inalitumia kwa kinywaji chochote kilichozeeka mikononi mwa mhudumu.

Upande wa lugha hoteli haikunifundisha lolote, na hilo ni pengo, kwa kuwa mhudumu wa baa Malindi asiyejua Kiitaliano ni kama nahodha asiyejua pepo. Nilijiokotea mwenyewe: neno la kwanza lilikuwa la barafu, la pili la "kidogo", la tatu la "bila". Kwa maneno hayo matatu na vidole vya mkono nilivuka Agosti.

Sasa menyu, ambayo ni sehemu ya huduma hii kwa sababu ndiyo kitabu cha mwanagenzi. Ilikuwa na vinywaji zaidi ya 40, na nusu yake hakuna aliyeviagiza katika miezi yangu sita. Kilichonikera ni ukurasa wa vinywaji vya kienyeji. Dawa ilielezwa pale kuwa kinywaji cha kale cha Waswahili, dai ambalo lilimfanya Ami ageuze uso kila lilipotafsiriwa mbele ya mgeni. Dawa ya baa ni vodka, ndimu iliyopondwa na ganda lake, sukari, barafu na asali inayozungushwa kwenye kijiti. Imepata umaarufu wake Nairobi, na ni ndugu wa caipirinha ya Brazili. Ni kinywaji kizuri, na nimekitengeneza mara nyingi kuliko kingine chochote, hasa kwa sababu ndimu zetu ndogo za mbegu zina ukali ambao ndimu kubwa za dukani hazina. Uzee wa kusingiziwa hakihitaji.

Kinywaji chetu chenyewe hakikuwemo. Babu yangu alikuwa mgema, na nimekua nikijua kwamba tembo linalogemwa alfajiri ni tamu kiasi cha kupewa mtoto kidogo, kwamba kufikia adhuhuri limeanza kusema, na kwamba linaloachwa hadi kesho yake linaelekea kuwa siki. Naelewa kwa nini hoteli haiweki kwenye friji kitu kinachobadilika kila saa, na ambacho hakina chupa wala lebo ya kumwonyesha mkaguzi. Lakini ukwaju hauna shida hiyo, wala dafu, wala tangawizi, wala embe ngowe msimu wake unapofika, na bado sharubati ya embe tuliyoitumia ilitoka kwenye pakiti. Siku moja mama mmoja kutoka Milano aliniuliza kwa nini mwembe ulio nje ya dirisha umejaa maembe na bilauri yake ina harufu ya karatasi. Nilimpa jibu la hoteli, kwamba pakiti zina ladha moja mwaka mzima. Niliona haya kulitoa. Ami kwa siri alikuwa na chupa ya ukwaju aliyoichemsha nyumbani kwa iliki na sukari guru, na wageni wasiotaka pombe au wasiotakiwa kunywa aliwatengenezea kwa huo, juu ya barafu na soda, akiuandika kwenye bili kama sharubati ya kawaida. Ndicho kinywaji bora kilichouzwa katika hoteli ile, na hakimo kwenye menyu mpaka leo.

Nafika kwenye jambo lililonifanya niandike tathmini hii.

Kila usiku baada ya saa sita, baa ilipofungwa, chupa zilihesabiwa. Hesabu ya baa ni rahisi kwa maneno: kilichokuwepo asubuhi, jumlisha kilichotoka stoo, toa kilichouzwa, na kinachobaki lazima kiwe kwenye rafu. Chupa zilizofunguliwa zilikadiriwa kwa sehemu za kumi, na kila chupa nzima ya pombe kali ilihesabiwa kuwa toti 25, kwa kuwa chupa ya mililita 750 ukiigawa kwa kipimo cha 30 unapata 25 bila baki. Mwisho wa Agosti karatasi ilionyesha upungufu wa toti 20 za jini moja iliyokuwa ikienda sana. Hakuna aliyetuita wezi kwa neno hilo, lakini meneja wa vyakula na vinywaji alisema kwamba mikono ya wanagenzi ni mizito, yaani tunamimina kupita kipimo, na kwamba upungufu utagawanywa kwa watu watatu: mimi, mwanagenzi mwenzangu, na mhudumu mdogo wa zamu. Toti moja ilihesabiwa kwa bei ya mgeni, shilingi 450, wala si kwa bei ambayo hoteli iliinunulia. Jumla ilikuwa shilingi 9,000, na kila mmoja wetu alikatwa 3,000. Posho yangu ilikuwa shilingi 400 kwa siku niliyofika kazini.

Nilijilaumu. Kwa wiki mbili nilimimina kama mfamasia, nikiinama mpaka jicho langu likawa sawa na mstari wa kipimo, na wageni wakaanza kuniona bahili. Kisha asubuhi moja ya Septemba nilikuwa nikipangusa chupa vumbi, kazi ambayo hufanywa wakati hakuna kazi, nikasoma lebo ya ile jini kwa nyuma, chini kabisa, pale ambapo hakuna anayesoma. Mililita 700. Niliichukua chupa ya jini nyingine kando yake: 750. Chupa zote za ile ya kwanza zilizoingia tangu Julai zilikuwa za kipimo cha Ulaya, ambacho hutoa toti 23 na tone la kubakia. Agosti tulikuwa tumemaliza chupa 12. Kila moja ilikuwa pungufu kwa mililita 50, na 50 mara 12 ni 600, na 600 ukigawa kwa 30 ni toti 20.

Nilimpelekea Ami chupa zote mbili. Alizisimamisha kaunta, akazitazama, akazigeuza, akavaa miwani, akazigeuza tena. "Mikono yenu haina uzito wowote," alisema, kisha akazibeba yeye mwenyewe hadi kwa mhasibu, kwa sababu alijua kwamba nikizibeba mimi nitaambiwa nisubiri.

Karatasi ilisahihishwa siku hiyo hiyo. Fedha hazikurudishwa, kwa maelezo kwamba mwezi ulikwisha fungwa. Miezi mingine niliyokaa pale mhasibu alinisalimia kwa heshima ambayo hapo awali hakuwa nayo, na mara mbili aliniita kumsaidia kuhakiki stoo, na kwa njia hiyo nilijifunza gharama ya kinywaji, namna bei ya menyu inavyopangwa, na kwa nini soda ya kuchanganyia huleta faida kuliko pombe yenyewe. Nimesema mafunzo ni mazuri. Mengine yao, kama haya, yalinifikia kwa sababu hoteli ilikosea na mimi nikakatwa.

Suala la usiku linahitaji kusemwa kwa ajili ya mabinti. Gari la wafanyakazi liliondoka saa sita na nusu na kuishia sokoni. Anayeishi Shela, Barani au Maweni anafika kwake kwa miguu au kwa hatua chache za bodaboda. Mimi wa Ganda nilihitaji kumlipa mtu wa tuktuk ninayemfahamu, usiku, kwa bei ya usiku, na bei hiyo ilikula karibu nusu ya posho ya siku. Kuanzia Oktoba nilipata kitanda kwenye nyumba za wafanyakazi siku nne kwa wiki, baada ya kuomba mara tatu kwa maandishi. Nafasi ilikuwepo tangu mwanzo. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kuniambia.

Kuna pia jioni moja ambayo mgeni aliyekuwa amelewa alinishika kifundo cha mkono nilipompelekea bili, akakataa kukiachia. Ami alifika kabla sijafungua mdomo, akamwambia kwa Kiitaliano, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba huyu ni binti yake. Mgeni aliachia, akaomba radhi, akaenda kulala. Kaunta ilifanya wajibu wake. Ofisi haikufanya: kesho yake niliondolewa kwenye baa kwa siku mbili na kupelekwa kuhesabu leso za meza, kwa maelezo kwamba ni kwa usalama wangu, huku mgeni akiendelea kukaa kwenye kiti kile kile cha kaunta na kuhudumiwa. Siamini kwamba walikusudia kuniadhibu. Lakini siku mbili bila baa zilikuwa siku mbili bila bakshishi.

Bakshishi zenyewe ziliingia kwenye sanduku moja na kugawanywa kila Jumapili, ambapo mwanagenzi alipata nusu fungu. Naona ni haki. Ada ya huduma inayoongezwa kwenye bili za vyumba haikutufikia kabisa, na wafanyakazi wa kudumu walikuwa na chama chao, KUDHEIHA, cha kuwasemea, ilhali sisi tulikuwa hatumo humo wala humu.

Hapo ndipo penye tatizo la msingi. Barua niliyopewa mwezi Julai ilikuwa na aya moja. Ilisema kwamba nimekubaliwa "kupata uzoefu" katika idara ya vinywaji, ikataja tarehe mbili, ikanitakia heri. Haikutaja posho, saa za kazi, atakayenifundisha, nitakachokuwa nimefundishwa nikimaliza, wala makato. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, Sura ya 237 ya sheria za Kenya, inataka mkataba wa mwanagenzi uwe wa maandishi na usajiliwe, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, inayojulikana kwa kifupi kama NITA, ipo kwa kazi hiyo. Waajiri huichangia shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Kwa kuniita mtu wa kupata uzoefu badala ya mwanagenzi, hoteli ilikwepa yote hayo kwa neno moja. Nilikuwa mwanagenzi ilipofika wakati wa kukatwa kwa ajili ya mkono mzito, na nilikuwa mgeni wa muda ilipofika wakati wa mkataba.

Cheti nilichotoka nacho kinalingana na barua niliyoingia nayo. Ni karatasi nzuri yenye nembo ya hoteli, inayosema nilikuwa mwaminifu na mchangamfu. Haisemi kwamba najua kuhesabu stoo, wala kwamba naweza kusimama peke yangu kwenye kaunta ya watu 60, jambo nililolifanya usiku wa tarehe 27 Desemba Ami alipougua homa. Aliyesoma Chuo cha Utalii cha Kenya pale Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1975, atalipa karo ambayo familia nyingi za huku haziwezi, lakini atatoka na karatasi ambayo meneja wa Mombasa au wa Dubai anaijua kabla ya kuisoma. Yangu humlazimu meneja anijaribu. Mpaka sasa nimejaribiwa mara mbili, na mara zote mbili walinipa sheka, wakanitazama, wakanipa kazi ya muda. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba miezi ile sita ilikwenda bure.

Je, ningempendekezea mtu? Kwa kijana aliyetimiza miaka 18, asiye na karo ya chuo, anayeweza kulala mjini, naam, bila kusita, ilimradi Ami au mtu wa aina yake bado yupo nyuma ya kaunta. Katika hoteli ambako mwanagenzi anafundishwa na aliyeajiriwa mwaka jana, atafundishwa kumimina na kutabasamu, na hayo mawili mtu huyajua kwa siku tatu. Ulizia hilo kwanza. Kaa kwenye benchi la lango la wafanyakazi saa tisa alasiri, zamu zinapobadilishana, na uwaulize wanaotoka ni nani anayefundisha na ana miaka mingapi pale. Watakuambia ukweli ambao ofisi haina sababu ya kukuambia. Anayeishi mbali na hana pa kulala asiingie kabla ya kupewa jibu la kitanda. Na yule ambaye dini yake inamkataza kuonja asiogope kwa sababu hiyo. Anayetakiwa kuogopa hilo ni wa pale wanapomimina bila kipimo.

Barua za maombi hupokelewa kwenye lango la wafanyakazi, si mapokezi, kuanzia katikati ya Juni kwa wanaotaka Julai, na mwezi Agosti kwa wanaotaka Septemba, ingawa Agosti hakuna mwenye muda wa kuzisoma na inabidi urudi kukumbusha. Nenda ukiwa na cheti cha afya tayari, kwa kuwa vipimo huchukua siku. Omba barua itaje posho, saa, makato na jina la mwalimu, na ikiwa haitaji, iandike wewe mwenyewe na uombe isainiwe. Mwenzangu aliyeingia Oktoba alifanya hivyo na hakukatwa hata toti moja. Mashati meupe nunua matatu, wala si mawili, maana Campari haitoki kwenye pamba. Viatu viwe vya soli ya mpira, kwa sababu kuanzia saa moja jioni sakafu ya nyuma ya kaunta huwa imelowa barafu iliyoyeyuka, na nilianguka mara moja, Julai, nikiwa na trei ya bilauri 14 ambazo zote zilivunjika na ambazo, kwa jinsi nisivyoelewa hadi leo, hakuna aliyezikata kwenye posho yangu.